Wajane Wenye Waume

Mimi watu wa maswali nimewachoka, na sijawahi kuwaficha. Wakija mbele ya banda langu na vizibao vyao vya kijani na tableti mkononi, nawaambia sitaki, nendeni zenu, na wakirudi nawaambia vile vile. Jina langu Ancha, nauza nazi, chumvi na mafuta ya kula hapa soko la Palma, na kila mtu anajua mdomo wangu hauna breki. Sasa hili mnisikilize vizuri, maana wako wanaolisimulia kama kichekesho. Si kichekesho. Mdogo wangu Zubeida alinyang'anywa rafu yake katika chumba cha baridi, na mpaka leo nikipita pale natema mate.

Maswali yenyewe yalianza zamani, kabla ya vita. Kila baada ya miezi mitatu alikuja mtu kuuliza yale yale: biashara yako ni nzuri kuliko mara iliyopita, ni mbaya zaidi, au iko vile vile? Umeajiri wangapi? Kitu gani kinakukwamisha, umeme, barabara, mtaji? Wenyewe wanayaita inkerito. Mwanzoni tuliyapenda, nisiseme uongo. Nani alishawahi kutuuliza sisi kitu? Wanawake wakisikia watu wa maswali wanakuja, walibadili kanga. Nurdine fundi cherehani aliwapa kiti cha wateja, yeye akasimama. Tukasema umeme unatukwamisha, wakaandika umeme. Mara ya pili tukasema umeme, wakaandika umeme. Miaka ikapita hivyo, sisi tunasema, wao wanaandika, na giza liko pale pale.

Ikaja vita. Tukakimbia kila mtu na njia yake. Mimi na Zubeida na mumewe Sadique tulipita porini mpaka Namoto, tukavuka mto, tukakaa upande wa pili kwa watu tusiowajua. Tuliporudi soko lilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Sijapata hata turubai la kujikinga na jua, nafagia pale palipokuwa banda langu, nasikia nyuma yangu mtu ananisalimu bom dia. Kijana, kizibao cha kijani, kipya kabisa. Eti mama, biashara yako ni nzuri kuliko mara iliyopita, ni mbaya zaidi, au iko vile vile? Wallahi nilimtazama yule mtoto wa watu mpaka akarudi nyuma hatua. Nikamwambia sitaki, na tangu siku ile sijajibu swali lao hata moja.

Kijana mwenyewe ndiye Clésio. Kwao ni Tete, huko bara ya mbali, Mkatoliki, na hapa kwetu huja siku chache za maswali tu kisha anarudi Pemba anakoishi. Si mtu mbaya. Ametumwa, na anakula kwa kutumwa huko. Lakini soko zima lilimchoka kama nilivyomchoka mimi, tofauti ni kwamba wenzangu hawakuwa na uso wa kumwambia. Wengine walifunga milango wakimwona kwa mbali. Nurdine alimwambia yeye si mwenye duka, analinda tu, mwenyewe amesafiri. Huyo mwenyewe yuko safarini miaka sasa, na cherehani inalia kila siku.

Aliyegundua dawa hasa ni Atija. Anauza vitambaa na marashi, na mumewe Amisse ana duka la misumari na saruji, ukuta kwa ukuta na lake. Siku moja Atija alimwona Clésio anakuja, akajitupa nyuma ya pazia na kumtuma binti yake akaseme mama yuko eda. Clésio hakujua eda ni kitu gani. Akaelezwa kwamba kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa ndani, hatoki, hajipambi, wala hazungumzi na mwanamume asiye wa nyumbani kwao, mpaka muda wake utimie. Kijana akavua kofia. Akaomba radhi kwa sauti ya chini, akaondoka kwa kunyata. Upande wa pili wa ukuta marehemu Amisse alikuwa anapima misumari.

Kesho yake Clésio akarudi na mfuko wa sukari, rambirambi yake. Na Atija akaupokea! Soko lilicheka wiki nzima. Mimi nilimwambia Atija mambo ya eda hayachezewi, unamtia mumeo uchuro, akanijibu kwamba Amisse ana afya ya punda. Basi ikawa ndiyo njia. Kila aliyechoka maswali akawa mjane. Wenye waume wanaocheza bao barazani, wenye waume wanaokoroma ndani mchana kweupe, wote wako eda, rudi baadaye kijana. Hawakufikiri kwamba siku moja yule kijana angemkuta Amisse barabarani anakunywa chai, ile sukari yake imo ndani. Akamkuta. Amisse akamkaribisha chai, masikini, hana habari kwamba amekufa.

Sasa katika soko hili lote alibaki mtu mmoja wa kujibu maswali kwa moyo, naye ni Zubeida wangu. Kila raundi, bila kukosa. Alikuwa anajua Kireno cha kuhesabu samaki tu, akajifunza kingine kwa ajili yao, ili asieleweke vibaya. Clésio akifika anawekewa kigoda, anapewa muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki, kisha ndipo maswali. Nilikuwa namkaripia. Namuuliza unapata nini? Yeye ananijibu kwa upole wake ule unaoniudhi kwamba mtu akikuuliza hali, unajibu. Nikimwambia hawa hawaulizi hali, wanauliza takwimu, anacheka na kuendelea kuparua samaki. Sadique alikuwa anasema dada yako hasira, wewe subira, baba yenu aligawa vibaya.

Halafu mradi wa hao hao watu wa maswali ukajenga chumba cha baridi nyuma ya soko. Chumba kikubwa cheupe, mashine yake inanguruma usiku na mchana, na ndani rafu za chuma za kuweka samaki. Na hapa nieleze vizuri, maana ndipo penye maisha ya mdogo wangu. Kule Afungi, ndani ya uzio wa gesi, kuna maelfu ya watu wa kulishwa, na jiko lao halinunui samaki aliyelala juu ya barafu ya ndoo. Wananunua aliyelala kwenye chumba kile tu. Mwenye rafu anauza Afungi. Asiye na rafu anauza kwetu sisi wenzake, ambao mifuko yetu mnaijua. Zubeida na Sadique walipata rafu ya kwanza mlangoni, na kwa rafu ile walianza kujenga nyumba ya matofali iliyofika madirishani.

Rafu ziligawiwa na ofisi ile ile ya maswali. Mkubwa wao hapa ni shefe Custódio, ametoka kusini, mtu wa shati lililonyooka na sauti ya taratibu. Aliona majibu yanapungua raundi baada ya raundi. Angeweza kujiuliza kwa nini watu wazima wanajificha nyuma ya mapazia. Hakujiuliza. Aliita mkutano akasema kwamba kuanzia sasa mwenye rafu atakayefuatwa mara tatu asijibu, biashara yake itahesabiwa imefungwa, na rafu atapewa mwingine. Alisema ni njia ya kutuhamasisha. Nilisimama nikamwambia kwetu hiyo inaitwa kumshika mtu koo, watu wakanivuta kanga nikae.

Zubeida hakuogopa. Angeogopa nini, na yeye ndiye anayejibu?

Sadique alikufa mwanzoni mwa masika. Presha. Alikufa kitandani kwake, mkewe kamshika mkono, kifo cha kawaida, jambo ambalo kwetu miaka hii limekuwa bahati. Tukamzika, na Zubeida akaingia eda katika nyumba ile ya matofali isiyo na paa kamili, chumba kimoja tu ndicho kimeinuliwa na kuezekwa makuti. Mimi nikahamia kwake, nikawa nashughulikia samaki wake na nazi zangu. Hakutoka hata kuangalia mvua. Hakulia kwa sauti pia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Clésio akaja. Nilimwona tangu kwenye kona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsubiri. Nikamwambia kwa adabu kabisa kwamba Zubeida yuko eda.

Akanitazama, kisha akacheka. Si kicheko cha dharau, kicheko cha mtu aliyechezewa muda mrefu.

"Hata wewe, mama Ancha?" akasema. "Wewe nilidhani husemi uongo."

Nikamwambia Sadique amekufa, kaburi lake nitakupeleka ukalione. Akasema pole, lakini kwa namna ile ile ambayo mtu humwambia pole mlevi anayedai kaibiwa. Tayari alikuwa anagusagusa tableti yake. Mwiko ulikuwa mkononi, nilikuwa nasonga ugali. Nilimfukuza nao mpaka barabarani, na siombi radhi kwa hilo.

Aliporudi mara ya pili nilikuwa nimepoa. Nikafanya jambo nililoapa sitalifanya. Nikamwambia niulize mimi, nitamjibia mdogo wangu, biashara naiendesha mimi sasa, niulize yote, umeme, barabara, unachotaka. Akasema hairuhusiwi, ofisi inataka mwenyewe, sauti yake mwenyewe. Nikamwambia basi subiri atoke. Akasema raundi haisubiri. Wako watakaosema Zubeida angeweza kujibu kutoka nyuma ya pazia, kwamba penye haja mjane anaweza kusema na mwanamume. Haja! Mume hajakauka kaburini, aseme kama biashara ni nzuri kuliko mara iliyopita? Nyumbani kwetu eda inakaliwa kama alivyoikaa mama yetu, na mama yetu hakusema na mtu.

Mara ya tatu hakubisha hata hodi. Alisimama nje, akatazama mlango, akagusa kioo, akaenda. Mimi nilikuwa dirishani. Neno alilolibonyeza nililijua baadaye: recusa. Amekataa.

Siku ya kumtoa Zubeida eda tulimwosha, tukamvika kanga mpya, wanawake wakaja na ubani na wali. Wiki ile hatukupeleka samaki, tulishughulika na hayo. Kesho yake akaniambia dada, nataka kurudi kazini, nikikaa ndani zaidi nitaoza. Akachukua kolekole wa alfajiri wabichi kabisa, akajitwika beseni, tukaenda naye chumba cha baridi. Kwenye rafu ya kwanza mlangoni tulikuta maboksi ya samaki wa kugandishwa, yamepigwa muhuri wa kampuni ya kusini ambayo sijapata kuisikia. Mlinzi akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani. Zubeida, samaki. Encerrado. Imefungwa.

Zubeida alisimama na beseni kichwani. Maji ya samaki yanamtiririka shingoni kwenye kanga mpya, hajifuti. Akaniuliza nani kaifunga. Nilitamani kupasua kitu.

Nikaenda ofisini peke yangu. Shefe Custódio alinipa kiti, akanimiminia maji kwenye glasi, nikayaacha pale pale. Nilizungumza kwa Kireno changu cha sokoni, kinatosha kugombana. Nikamweleza kifo, nikamweleza eda, nikamweleza mwanamke aliyewajibu miaka yote wakati sisi wengine tunawakimbia. Alisikiliza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba katika soko la Palma nusu ya wanawake wako eda. Kila raundi. Kwamba kama angeamini kila mjane, ingebidi aamini kwamba mji huu umezika waume wengi kuliko ulionao. Kwamba kijana wake alinunua sukari ya rambirambi kwa mshahara wake, akachekwa.

"Niambie, mama," akasema. "Wa kweli nimjue vipi?"

Hapo akanishika. Maana aliposema vile niliwaona wote, Atija na pazia lake, na wengine mmoja mmoja. Wamelichezea neno mpaka limeisha nguvu, na siku mdogo wangu alipolihitaji, halikufaa kitu. Nikasimama. Nikamwambia asubiri, nitamwonyesha.

Nilisimama katikati ya soko, na waliokuwepo watawaambia nilivyosema. Sikumtukana mtu mama yake, lakini sikubakiza. Nikasema nyie mliowaua waume zenu kwa midomo, leo mtawafufua. Nikasema kila aliyewahi kumwambia Clésio yuko eda amshike mumewe mkono twende ofisini, akaonekane. Nikasema asiyekuja nitakwenda mwenyewe kwa mumewe kumweleza tarehe aliyofariki. Atija akaanza kusema ilikuwa mzaha tu, shoga yangu. Nikamuuliza kama anataka kumwambia Zubeida kwamba ulikuwa mzaha. Akatazama chini. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akaenda ukuta wa pili kumwita Amisse.

Wakaja. Si wote, lakini walikuja wengi, wake mbele, waume nyuma, hawa wamenuna, wale hawajui wameitiwa nini. Mstari ulitoka mlangoni mwa ofisi mpaka kwenye kisima. Clésio alikuwepo. Shefe Custódio akatoka nje, akavua miwani, akaivaa tena. Atija alisema yaliyompasa kwa sauti ya kunong'ona, kwamba alidanganya, kwamba mume wake ni huyu, hajafa. Amisse alimgeukia mkewe taratibu.

"Nimekufa tangu lini?" akauliza.

Wengine walicheka, kicheko kikakatika chenyewe. Akaja wa pili na wake, wa tatu na wake. Nurdine naye alijipanga, akakiri kwamba mwenye duka hakusafiri, mwenye duka ni yeye. Ofisi nzima ilikuwa imetoka kutazama. Na walipokwisha, nikamwita Zubeida, ambaye nilimwambia akae kando na asubiri. Akapita mbele ya wale wote. Mkono mmoja kashika ncha ya kanga, mwingine mtupu.

"Uliniuliza wa kweli utamjuaje," nikamwambia shefe. "Mtazame aliyekuja peke yake."

Clésio alifunika uso kwa kiganja, na nitamhesabia hilo. Shefe Custódio alimpa Zubeida pole, safari hii pole ya kweli, akatukaribisha ndani, Zubeida na mimi, akafunga mlango. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga nani atanisaidia kutoa yale maboksi ya kampuni.

Akatuambia kwamba kuna shida. Biashara ikishafungwa kwenye mashine haifunguliwi tena, mashine ni ya Maputo, si yake. Rafu ya mlangoni imeshasainiwa. Lakini ipo rafu moja nyuma kabisa, aliyoitengea biashara mpya. Basi Zubeida ajibu maswali leo hii, aandikishwe kama biashara mpya, na kesho alete samaki wake. Alisema kwa furaha, kama mtu aliyekuokotea kitu chako. Zubeida akaitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kujibu. Hata baada ya yote hayo, mdogo wangu alikuwa tayari kujibu.

Clésio akakaa mbele yake na tableti. Jina. Akajibu. Unauza nini. Samaki, wabichi na wakavu. Biashara ilianza lini?

"Kabla ya vita," akasema Zubeida. "Mwaka nilioolewa na Sadique."

Clésio akagusa kioo. Akagusa tena. Kikawa kinaandika maandishi mekundu. Akamtazama shefe. Shefe akainama, akasoma, akasema kwa upole kwamba biashara mpya haiwezi kuwa ya zamani. Aseme tu imeanza mwezi huu. Ni kwa ajili ya mashine, ukweli sisi tunaujua hapa chumbani.

Mimi nilikuwa namtazama Zubeida. Nilimwona anafikiri, na nilijua anafikiri nini kwa sababu tulikuwa wote. Sadique anachimba shimo nyuma ya nyumba usiku ule, anafukia nyavu na mizani kabla hatujakimbia. Sadique anarudi kutoka ng'ambo kabla yetu sote, peke yake, akafukue. Mizani ilikuwa na kutu, akaisugua kwa mchanga na ndimu, akaitundika kwenye kijiti juu ya majivu, na tulipofika akasema haya, tumefungua. Hayo yote yafutwe, biashara imeanza mwezi huu, na aliyeyafanya hakuwahi kuwepo. Nilitaka kusema, nikajizuia. Halikuwa langu.

Zubeida akanyanyuka kwenye kiti. Akaongea Kireno, kile alichojifunza kwa ajili yao, ili asiwepo wa kumtafsiria.

"Mlinikuta namlilia mume wangu, mkaandika nimekataa," akasema. "Haya, andika tena. Nimekataa. Mara hii ni kweli."

Akajifunga kanga, akatoka. Mimi nikachukua ile glasi ya maji ya shefe, nikainywa yote, nikaiweka chini kwa kishindo, nikamfuata.

Rafu ilikwenda. Sitawadanganya kwamba ilirudi. Afungi wanakula samaki wa maboksi kutoka kusini, na bahari yetu iko pale pale wanaiona dirishani. Nyumba ya Zubeida imeishia madirishani. Siku hizi anapasua samaki, anatia chumvi, anaanika ng'onda, na mtu mmoja wa Namoto anakuja kuwachukua kuvukisha ng'ambo kwa bei anayoitaka yeye. Amisse alimletea mifuko ya saruji akasema ni sadaka ya kufufuka kwake. Zubeida akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na saruji akaipokea. Na Atija huenda kumsaidia kuanika kila asubuhi bila kuitwa, wala hasemi sana.

Raundi iliyofuata Clésio akaja. Nilimwona anasita pale penye kona, kizibao kile kile, sasa kimechujuka. Hakuna pazia lililoshushwa. Hakuna mlango uliofungwa, hakuna mtoto aliyetumwa kuua baba yake. Atija alikuwa amekaa nje na Amisse ubavuni. Akamwambia Clésio, akimwangalia machoni, nimekataa. Amisse naye, nimekataa. Nurdine akasimamisha cherehani akasema mwenye duka ni mimi, na nimekataa. Banda kwa banda, wanawake na wanaume, wametulia vizuri, wamemtazama usoni. Alipofika kwangu alikuwa ameshaacha kuuliza. Nikamwambia hata hivyo, kwa sababu zamu yangu sikutaka inipite.

Kwa Zubeida hakuwa na kazi. Tableti haimjui Zubeida tena, inampitisha kijana moja kwa moja mpaka kwa jirani. Lakini akasimama pale penye kichanja cha samaki, hajui aende au arudi. Zubeida akamsogezea kigoda, akamwekea muhogo kwenye sahani, kama zamani. Clésio akakaa. Tableti akaiweka chini mchangani, kioo kikitazama ardhi. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake kibovu.

"Hali yako, mama?"

Nami najua mdogo wangu anavyofikiri juu ya mtu akikuuliza hali. Akaendelea kupaka chumvi samaki aliyekuwa mkononi, mpaka akamaliza upande wote.

"Mbaya zaidi," akasema.

Clésio hakuandika popote. Alikaa pale naye mpaka muhogo ukaisha.